Kilomita 130 kwa Wati Tano: Nilivyounda Redio ya Mawimbi Mafupi Pemba

Kutoka kwetu Wete hadi Fuoni, Unguja, anakokaa mtoto wa ami yangu, ni kama kilomita 130 kwa mstari ulionyooka. Redio niliyoiunda kwa mkono wangu ilichukua miaka mitatu kuvuka masafa hayo. Miwili kati ya hiyo ilikwenda kwenye makosa ambayo mtu mjuzi angenieleza kwa kikao kimoja cha kahawa barazani, lakini mjuzi huyo sikuwa naye. Ndiyo maana naandika.

Masika ya 2018 bibi yetu alifariki alfajiri. Umeme ulikuwa umekatika tangu juzi yake, mvua haijaacha, na mnara wa simu wa upande wetu ulikuwa umezimika. Tulimzika baada ya adhuhuri. Mwenzangu wa Fuoni, ambaye bibi ndiye aliyemlea, alipata habari kesho yake jioni kwa mtu aliyeshuka boti. Hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Kwa hivyo hapakuwa na njia yoyote?" Mimi ni fundi wa simu na redio, nina kibanda na zana, na swali lile lilinikaa kifuani.

Njia ilikuwapo, na nyumbani kwetu tuliijua kwa sikio. Redio ya marehemu baba ilikuwa na mkanda ulioandikwa SW, na jioni tulikuwa tukiisikiliza idhaa ya Zanzibar ikitoka mitambo ya Dole, kule Unguja, kwenye kilohezi 11735. Mawimbi mafupi, yaani masafa ya megahezi 3 hadi 30, hayahitaji mnara wa kupokezana. Yanapanda hadi kwenye tabaka la hewa la juu lenye chaji za umeme, ayonosfia, kilomita 250 au 300 hivi juu yetu, yakapindwa na kurudi ardhini. Ukiwa na waya, betri na mtu upande wa pili, unazungumza.

Nilichagua redio ya programu, SDR, kwa sababu ya umaskini wa vipuri. Redio ya zamani inataka koili nyingi, fuwele za masafa maalumu na mikono iliyozoea kuzipatanisha. Katika SDR unachukua mawimbi kutoka kwenye antena, unayageuza kuwa tarakimu mapema iwezekanavyo, halafu kazi iliyobaki ya kuchuja, kuchagua stesheni na kutoa sauti inafanywa na kompyuta. Laptopu kuukuu nilikuwa nayo. Nikaona nusu ya redio ninayo tayari.

Kifaa changu cha kwanza kilikuwa kile kidude cha USB cha kupokelea televisheni, chenye chipu ya RTL2832U. Niliagiza kwa shilingi 60,000 pamoja na usafiri. Kilipofika nikakichomeka, nikapata stesheni za FM vizuri sana, nikateremka kutafuta Dole na sikupata kitu. Hapo ndipo nilipojua kuwa sehemu yake ya kuchagulia masafa inaanzia kama megahezi 24. Mawimbi mafupi karibu yote yako chini ya mlango wake. Kuna dawa mbili: kuongeza kibadilishi kinachoyapandisha masafa juu, au kupitisha waya wa antena moja kwa moja hadi kwenye miguu ya chipu inayohesabu tarakimu. Nilichagua ya pili kwa kuwa haina gharama. Mguu wenyewe ni mwembamba kuliko unywele wa brashi, nami nikaukata kwa pasi ya risasi. Kidude cha kwanza kikafa pale mezani. Cha pili nilikifanya mchana, kwa lenzi ya kurekebishia simu, kikakubali. Siku hizi kuna vilivyotengenezwa tayari kwa mawimbi mafupi. Nunua hivyo. Tofauti ya bei ni ndogo kuliko bei ya kukiua kimoja.

Sasa nikaanza kusikia, na kosa lililofuata lilinila wiki nzima. Usiku mmoja, kwenye megahezi 17.065, nilikuta taarabu, kisha mtangazaji wa Kiswahili. Masafa hayo sikuyakuta kwenye orodha yoyote ya stesheni. Nilimpigia simu mwenzangu Fuoni kwa furaha nikamwambia nimegundua stesheni isiyojulikana. Nilirekodi saa nyingi. Siku ya sita ndipo nilipoweka redio ya marehemu baba kando ya laptopu, nikaifungua Dole, na maneno yakawa ni yale yale, pumzi kwa pumzi.

Maelezo yake ni ya hesabu tu. Chipu ile huchukua sampuli milioni 28.8 kwa sekunde. Mtambo unaohesabu kwa kasi hiyo hauna uwezo wa kutofautisha masafa yaliyo chini ya nusu yake, megahezi 14.4, na wenzao walio juu ya nusu hiyo. Toa 11.735 kwenye 28.8 unapata 17.065. Niliyokuwa nikiisikiliza ni Dole yenyewe, imejikunja kama karatasi kwenye mkunjo. Ukitaka kuyaamini macho yako kwenye SDR, weka kichujio mbele ya chipu kinachoziba masafa usiyoyataka, na ukiona kitu kipya fanya kwanza hesabu hiyo ya kutoa kabla hujampigia mtu simu. Na kuna jambo la pili kuhusu vidude hivi: vinahesabu kwa biti 8, ngazi 256 tu kati ya mawimbi madogo kabisa na makubwa kabisa. Stesheni moja yenye nguvu jirani yako inajaza ngazi zote, na yule dhaifu unayemtafuta hapati hata ngazi moja ya kusimama. Kwa kujifunzia vinafaa sana. Kwa mazungumzo ya wati tano kutoka Unguja niliona havitoshi.

Lakini kabla sijafika kwenye bodi niliyoiunda, nizungumze juu ya kelele, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapokata tamaa wakidhani redio yao mbovu. Kwenye skrini ya SDR masafa yanashuka kama maporomoko ya maji, stesheni zikionekana kama michirizi ya rangi. Kwangu mimi skrini nzima ilikuwa ya manjano. Kila kilohezi 60 au 70 palikuwa na mchirizi mnene unaotetemeka. Nikabadilisha programu tatu, nikabadilisha waya wa USB, nikaununulia mtambo kasha la chuma. Hapana mabadiliko.

Mzee mmoja fundi, tunayemwita Maalim kwa kuwa alisomesha fizikia skuli yetu kwa miaka mingi, alikuja kibandani kutengenezewa tochi. Nikamwamkia, nikamwonesha. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, zima nyumba."

"Nizime laptopu, Maalim?"

"Nyumba. Laptopu iache kwenye betri yake. Nenda kateremshe swichi kuu."

Nikaenda nikateremsha. Niliporudi skrini ilikuwa nyeusi kama bahari ya usiku, na juu yake michirizi myembamba kadhaa wa kadhaa ambayo sikuwahi kuiona. Nilipata hisia ya mtu aliyeondolewa pamba masikioni. Tulirudisha kitu kimoja kimoja. Mkosaji wa kwanza alikuwa taa ya LED ya bei rahisi ukumbini. Wa pili chaja ya laptopu yenyewe. Wa tatu, mkubwa kuliko wote, kidhibiti cha sola juu ya paa, ambacho hupiga kelele mchana tu jua likiwaka, ndiyo maana usiku nilikuwa nikidhani nimepona. Taa niliitupa. Chaja ninaichomoa ninaposikiliza, nikaweka betri ya voti 12 kwa ajili ya redio peke yake. Nyaya za sola nilizizungusha kwenye viini vya feraiti, yaani vipete vinavyozuia kelele isisafiri kwenye waya, mizunguko saba kila upande, nikaihamishia antena mwisho wa kiwanja. Kelele ya majirani ilibaki, na hiyo sina mamlaka nayo, lakini ilikuwa chache. Kama una shilingi 50,000 tu za kutumia, zitumie hapa kwanza.

Bodi yenyewe nilianza kuiunda katikati ya 2019. Moyo wake ni chipu ndogo ya Si5351 inayotengeneza masafa kwa kuagizwa na programu, na swichi ya kielektroniki ya FST3253 inayoyakatakata mawimbi ya antena mara nne kwa kila mzunguko. Kinachotoka ni sauti mbili, moja imechelewa robo ya mzunguko nyuma ya mwenziwe. Hizo mbili zinaingia kwenye kadi ya sauti ya kompyuta, kulia na kushoto, na programu kwa kulinganisha uchelewaji wao inajua ipi iko juu ya masafa ya katikati na ipi iko chini. Kadi inayochukua sampuli 48,000 kwa sekunde inakuonesha kilohezi 48 za masafa kwa mpigo mmoja. Ni utaratibu mzuri mno, na nilipouelewa nilikaa nao usiku kucha kama mtu aliyeoneshwa siri.

Nilikosea kwenye kadi ya sauti. Nilinunua ile ndogo ya USB ya shilingi 12,000, yenye tundu la maikrofoni. Kila stesheni ikaonekana mara mbili, moja kulia ya katikati, kivuli chake kushoto, nguvu sawasawa. Nikazichoma upya risasi zote. Nikabadilisha FST3253. Nikapima kila kapasita. Wiki tatu zimepita ndipo nilipolichunguza lile tundu: lina mfereji mmoja tu. Sauti zangu mbili zilikuwa zikiunganishwa kuwa moja mlangoni, na tofauti ya robo mzunguko, ambayo ndiyo redio yote, ikapotea pale pale. Ulizia kadi yenye tundu la kuingizia sauti la njia mbili, na kabla ya kulipa iweke sauti upande wa kulia peke yake uone kama kushoto kuko kimya. Yangu ya pili ilinigharimu 85,000. Kivuli hakikufutika kabisa, kwa kuwa njia mbili hazilingani kikamilifu, lakini programu ina vipimo viwili vya kusawazisha, kimoja cha nguvu na kingine cha uchelewaji. Nilivisogeza taratibu hadi kivuli kikazama chini ya kelele. Kazi hiyo inataka irudiwe kila unapobadilisha masafa mbali.

Kurusha ni jambo jingine, na hapa nashukuru kwamba nilizuiwa. Sehemu ya kurusha ilikamilika kabla sina leseni. Nilikuwa na hamu ya kujaribu "dakika mbili tu". Maalim akaniambia hewa si kiwanja cha baba yangu. Nchini Tanzania leseni ya redio ya ridhaa, yaani ya watu wanaorusha kwa kupenda na si kwa biashara, inatolewa na TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, pamoja na alama ya wito, jina lako la hewani, inayoanza na 5H, na bila hiyo hurushi hata wati moja. Maombi yangu niliyapeleka nikiwa nimeshamaliza kuunda, kwa hivyo nikakaa na mtambo mzima mezani nikisubiri karatasi. Peleka maombi siku ile ile unayoagiza kipuri cha kwanza.

Muda wa kusubiri haukupotea bure. Nilijenga mzigo wa kupimia, unaochomekwa mahali pa antena: rezista 20 za omu 1,000, za wati mbili kila moja, zote sambamba, jumla omu 50. Unaweza kuuingizia wati tano za mtambo wako mchana kutwa na mawimbi yasitoke nje ya kibanda isipokuwa kidogo mno. Hakikisha si rezista za waya uliozungushwa, kwa sababu hizo kwenye mawimbi mafupi huwa ni koili. Kwenye mzigo huo ndipo nilipoziunguza transista nne za IRF510, zile za kukuza nguvu ya kurusha. Ya kwanza kwa kutoiwekea kipoza joto. Ya pili na ya tatu kwa kuifungulia mkondo wa awali mwingi mno. Ya nne ilikufa kwa kuwa waya wa mzigo ulichomoka wakati ninarusha, mawimbi yakakosa pa kwenda yakarudi nyuma. Kila moja 4,000. Tangu hapo naanza na voti 9, napanda taratibu, na kidole kiko karibu na swichi.

Usikiache kichujio cha mwisho. Mtambo unaorusha megahezi 7.1 unatoa pia 14.2 na 21.3 bila kuulizwa. Nilizungusha koili tatu kwenye viini vya manjano vya T37-6, mizunguko 21, 24 na 21, na kapasita za pikofaradi 270 na 680. Kuhesabu mizunguko kuna utaratibu: kila waya unapopita ndani ya tundu ni mmoja, hata ule wa mwanzo. Nilihesabu vibaya mara ya kwanza, nikapoteza nusu ya nguvu kwenye kichujio.

Leseni yangu ilipatikana, na ya mwenzangu Fuoni ikafuata baada ya wiki chache. Mtambo wa pili nilikuwa nimeshampelekea kwa boti ukiwa ndani ya boksi la viatu. Tukaanza kwenye megahezi 14, kwa kuwa antena ya masafa hayo ni fupi: waya wa mita tano uliosimama wima kwenye mnazi, na nyaya nyingine nne zimetandazwa chini. Tulitumia FT8, mfumo wa maandishi wa mwaka 2017 uliotengenezwa na Steve Franke pamoja na Joseph Taylor, yule mshindi wa Nobel ya fizikia ya 1993. Unarusha kwa sekunde 15 kwa zamu, na kompyuta inasoma ujumbe hata ukiwa umezama chini ya kelele usiosikika na sikio.

Usiku wa kwanza nilijibiwa na Italia. Kisha Afrika Kusini, Oman, na alfajiri moja Japani. Mama alikuja kusimama mlangoni na tasbihi mkononi, nikamwonesha jina la kila nchi. Zanzibar na Pemba kwa wapenzi wa redio wa ulimwenguni ni visiwa vya kutafutwa, vina hata namba kwenye orodha yao ya visiwa, kwa hivyo ukijitokeza wanakujia kwa wingi. Lakini Fuoni, kimya. Nampigia simu: "Unanirushia?" "Narusha sasa hivi." Skrini yangu nyeusi. Yeye naye kwake alikuwa akiwasoma Warusi na Wahispania, mimi hanioni.

Miezi minne tulihangaika hivyo. Nilimshuku mtambo wake. Alisafiri nao hadi Wete, tukauweka kwenye meza yangu, ukafanya kazi. Nilishuku kebo. Tulikosana, wallahi, mara moja tuliacha kuzungumza kwa siku nne, kwa sababu nilimwambia hajui kuchoma risasi. Hilo ndilo kosa ninaloliona aibu kuliko transista zote.

Jibu lilikuwa juani na kwenye umbo la waya. Waya wa wima unatupa mawimbi yake chini kuelekea upeo wa macho, na juu kabisa ya kichwa hautupi kitu. Mawimbi yake yanagonga ayonosfia mbali na kurudi ardhini mamia au maelfu ya kilomita kutoka kwangu. Kati yangu na pale yanapotua pana eneo lisilopata chochote, na Unguja iko katikati ya eneo hilo. Ukitaka kumpata mtu wa kilomita 130 unatakiwa utupe mawimbi karibu wima juu, yarudi kama maji ya bomba lililoelekezwa mbinguni yanavyokumwagikia mwenyewe na waliokuzunguka. Lakini mawimbi ya wima hurudishwa tu kama masafa yake hayazidi uwezo wa ayonosfia wa saa hiyo, uwezo unaotokana na jua, na miaka ile jua lilikuwa ndiyo kwanza linaamka kutoka katika usingizi wake wa Desemba 2019. Megahezi 14 zilikuwa zikipenya moja kwa moja kwenda angani. Tungetumia mitambo ya wati mia bado tusingeonana.

Tukahamia megahezi 7. Waya wa kulala, mita kumi kila upande, urefu wa mita sita tu kutoka chini. Kanuni ni kugawa 142.5 kwa megahezi zako, upate urefu wote kwa mita. Anza mrefu zaidi kisha ukate. Nilitumia waya wa kawaida wa umeme wa nyumbani wa milimita moja na nusu. Kipimo kidogo cha antena, NanoVNA, kilinionesha waya umekaa kwenye megahezi 6.85, nikakata sentimita kumi kumi kila upande hadi ukafika 7.1. Kipimo hicho kilinigharimu 180,000 na nililia nilipokilipa, lakini ndicho kilichonitoa kwenye kubahatisha. Ningekinunua kabla ya vyote.

Ilikuwa saa tatu asubuhi, siku ya Jumapili, 2021. Nilirusha zamu moja. Zamu iliyofuata skrini ikaandika alama yake ya wito, na mbele yake KI93. Ulimwengu wa redio umegawanywa kwa viraka vya ramani. Wete ni KI94, mji wa Unguja na Fuoni ni KI93. Viraka viwili vinavyopakana. Nilikuwa nimeshawahi kuona viraka vya Japani, lakini kile ndicho kilichonitoa machozi. Simu haikuita kwa dakika nzima, kila mmoja wetu akiangalia skrini yake. Alipopiga alisema tu, "Bibi angefurahi."

Wiki iliyofuata tukajaribu sauti, na hapo nikawasumbua waumini. Dakika chache kabla ya Magharibi nilikuwa nikimwita mwenzangu kwa maikrofoni, na spika za msikiti wa mtaani, mita 40 kutoka ncha ya waya wangu, zikawa zinatoa sauti ya kukoroma ya mtu asiyefahamika. Kijana wa msikitini alikuja mbio. Nilizima papo hapo, nikaenda kuswali nikiwa nimeinamisha kichwa, na baada ya swala nikasimama kwa imamu nikamweleza ukweli wote. Alinisikiliza vizuri, akaniuliza kama inaunguza vyombo vyao. Nikamwambia haiunguzi, na kwamba sitarusha tena hadi niitengeneze.

Tatizo lilikuwa langu. Antena ile ina pande mbili sawa, na kebo ina kiini na ngozi. Ukiziunganisha hivi hivi tu, mawimbi yanarudi kwa nje ya ngozi ya kebo hadi kibandani, na kebo yote inakuwa antena. Nilizungusha kebo mara 11 kwenye kiini kikubwa cha feraiti pale inapokutana na waya, nikaigeuza ncha iwe mbali na msikiti, na kwa ruhusa ya imamu nikauwekea kiini kingine waya wao mrefu wa maikrofoni. Tulijaribu pamoja, yeye amesimama kwenye spika, mimi narusha. Kimya. Tangu siku ile hairushwi sauti kwangu wakati wa adhana, hata kama najua haitosikika.

Mambo machache mengine, kwa ufupi. FT8 inataka saa za pande zote mbili zilingane ndani ya sekunde moja hivi. Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi niliyonayo haina betri ya saa, na umeme ukikatika pamoja na intaneti inaamka na saa ya uongo. Yaani ilikuwa ikishindwa siku zile zile nilizoiundia. Kipokezi kidogo cha GPS cha 35,000 kilimaliza tatizo. Chumvi ya bahari inaila shaba: maungio ya nje yalikuwa kijani kibichi ndani ya miezi mitano, mimi sasa nayafunika kwa ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli uliovutwa sana, kisha utepe wa umeme juu. Kebo ya dishi inafaa kwa kusikilizia na ni rahisi kupatikana, ila ngozi yake ya alumini haishiki risasi, itabidi uibane kwa skrubu. Waya usiufunge kwenye mkarafuu: tawi lake hukatika bila onyo, kila mchumaji anajua. Na radi ikianza, kuzima hakutoshi. Chomoa kebo uitoe nje ya nyumba.

Kwa hesabu zangu nilitumia kama shilingi 800,000 kwa mitambo miwili, bila kuhesabu kipimo. Si chini ya robo yake ni vitu nilivyoviua au kuvinunua vibaya.

Siku hizi tunakutana kila Ijumaa saa tisa mchana, na nyumba zote mbili tunazima umeme mara moja kwa mwezi tujaribu kwa betri peke yake. Kilichobaki ni saa zile za kabla ya alfajiri. Kuanzia saa nane usiku ayonosfia inadhoofika, na mara nyingi megahezi 7 nazo zinapenya zisirudi hadi jua lichomoze, na bibi alifariki katika saa hizo. Inatupasa kushuka megahezi 3.5, ambako waya unataka mita 40, na kiwanja changu hakina urefu huo. Jirani amekubali nusu yake upite juu ya shamba lake, kwenye nguzo zangu mwenyewe. Ameniomba nisubiri wachumaji wamalize karafuu za msimu huu. Nguzo mbili nimeshazikata, zinakauka nyuma ya nyumba.